Mikono Kwenye Jalada

Jibuni hili kwanza, kabla hatujaingia ndani ya habari yenyewe. Ni nguo gani mwanamke huvalishwa na wengine, na huvuliwa na wengine, ingawa mikono yake ni mizima na vifungo anavijua? Mtu atasema nguo ya mtoto mchanga. Hapana. Ni nyeusi ya mjane. Na huko Makomeno, mjini Lubumbashi, aliyekaa mwaka mzima ndani ya nguo hiyo ni mwanamke ambaye kwa karibu miaka thelathini alikuwa ndiye anayeamua mji uvae nini.

Jina lake Laurentine. Baba yake alikuwa mtu wa reli, aliyetoka kaskazini na sanduku la mbao na rozari. Mama yake alikuwa akiwashonea wake za wafanyakazi wa mgodi. Jarida lake, *Libaya Yetu*, Laurentine alilianza kwa karatasi chache zilizopigwa kwa mashine ya kuandikia ya parokia, michoro ya nguo ameichora mwenyewe kwa kalamu ya wino. Libaya, kwa asiyejua, ni ile blauzi inayoshonwa kwa kikwembe, yaani kitenge, kilekile kinachofungwa chini. Wanawake wa sokoni walimcheka. Nani atanunua nguo ya karatasi? Kisha wakanunua.

Baadaye likawa na rangi, likawa linachapwa ng'ambo, Zambia, na kuingia kwa lori kupitia mpaka wa Mokambo. Mafundi cherehani wa mtaa wa Katuba walibandika majalada yake ukutani mpaka ukuta wenyewe ukasahauliwa. Bega la libaya likivimba kwenye jalada la Januari, ikifika Pasaka kila misa ilikuwa na mabega yaliyovimba. Wachuuzi waliovuka mpaka na marobota ya vikwembe walimpigia simu kwanza, wasije wakaleta ua ambalo Mama Laurentine hakulipenda. Wake za wakubwa walimwomba awaweke mbele, naye alikuwa akiwaangalia taratibu kuanzia viatuni. "Sura yako iko muzuri, Madame," alimwambia mmoja, "lakini ile nguo njo inakuvala weye." Njo, kwa Kiswahili cha mji ule, ni ndiyo.

Na kila toleo, ukurasa wa mwisho, aliweka kitendawili. Nina meno mengi wala siumi mtu; nikifunga mdomo, aibu yako imesitirika. Jibu ni zipu. Kulikuwa na watu walionunua jarida kwa ajili ya hicho tu.

Sasa sikilizeni jambo moja la kazi ile, maana msiba wote umelala hapo. Jarida hupikwa mapema. Nguo za Krismasi hupigwa picha watu wangali wanatoka jasho la mwezi wa tisa. Toleo la mwezi wa nne hupigwa mwezi wa pili, mvua ikigonga mabati. Mtu wa jarida siku zote yuko mbele ya siku yenyewe.

Mwezi wa pili wa mwaka jana, Laurentine alitaka toleo la nguo za kilio. Alikuwa amechoka kuona wajane wanafungwa kama magunia ya muhogo. Mjane naye ana kiuno, alisema. Akamshonesha fundi wake gauni jeusi refu, lenye mikunjo midogo kifuani na kitambaa cha kichwa kinachoshuka mpaka mabegani. Picha zilipigwa katika chumba cha nyuma ya nyumba, mpiga picha akiwa Guelord, kijana aliyefanya naye kazi miaka mingi. Wa kuvaa alikuwa Kiki, binti mwembamba aliyesomea chuo kikuu cha Kasapa, ameolewa mwaka uleule na Dan, dereva wa malori.

Kiki aliliangalia lile gauni, hakulishika.

"Maman, hii mi siwezi kuvala. Bwana yangu eko muzima. Eko ku barabara saa hii."

"Ni foto, Kiki. Unavala, unavula, unaenda kula."

"Hata foto, Maman."

"Masomo yote ile ya chuo kikuu mulisoma, na munaogopa kitambaa?"

Guelord alicheka. Kiki hakucheka. Alivaa viatu vyake akasimama mlangoni kungoja mvua ipungue.

Laurentine aliujua mwiko ule vizuri. Kwa watu wao, mwanamke mwenye mume hai hagusishi mwili wake na nyeusi ya ujane, si kwa mchezo, si kwa kupima. Fundi mwenyewe huipimia kwenye sanamu ya mbao. Lakini mtambo wa Zambia ulikuwa unangoja, jalada lilikuwa tupu, na yeye alikuwa mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuacha jalada tupu. Alivua pete akaiweka ndani ya kisahani. Akavaa. Akaketi kwenye mkeka, kichwa ameinamisha, kitambaa kimemfunika uso wote, mikono ameilaza magotini. Guelord akapiga. Ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Jioni alimwonyesha mumewe, Constantin, picha ile kwenye simu. Constantin alikuwa mhandisi mstaafu, mtu wa maneno machache na vicheko vya puani. Aliitazama kwa miwani, kisha bila miwani.

"Ni weye, hii?"

"Ni mi."

"Umependeza," alisema. "Siku nitakufwa, usivale mubaya kupita hii." Akarudi kwenye bukari, ugali wa kwao, na samaki wake.

Mwezi wa nne, Jumapili baada ya misa, Constantin aliingia kuoga akaanguka. Damu ilimpanda kichwani. Hakufika hospitali.

Laurentine alikalishwa kwenye mkeka kama desturi inavyotaka. Dada mkubwa wa marehemu, Chola, alimnyoa nywele, akamvalisha nyeusi, akamchukulia simu, maana mjane hazungumzi na ulimwengu. Chola hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlea Constantin mama yao alipokufa. Alimbeba mgongoni, alimpeleka shule. Alipokuwa akimfunga Laurentine kitambaa cha kichwa, machozi yake yalikuwa yanadondokea shingoni mwa mjane, ya moto.

Na pale pale mkekani, siku ya kwanza, wanawake wakiimba, Laurentine akakumbuka lile lori. Marobota ya toleo la nguo za kilio yalikuwa njiani kutoka Mokambo. Alimwona Guelord amepita dirishani na viti vya kukodi kichwani, akajaribu kumwita. Chola akamwekea mkono mdomoni, kwa upole, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani. Mjane hapazi sauti ila kulia.

Basi lori likaingia. Asubuhi ya mazishi *Libaya Yetu* ilikuwa sokoni: mwanamke wa nyeusi, mkekani, ameinamisha kichwa. Watu walitoka makaburini wakaikuta imening'inizwa kwa vibanio vya nguo kila kona.

Mnaweza kujaza wenyewe yaliyofuata. Mwanzoni watu walishangaa tu. Halafu mmoja akauliza picha ile ilipigwa lini. Halafu mwingine akauliza ile mikono ni ya nani.

Chola alinunua nakala moja, akaifunga ndani ya kikwembe, akaiweka.

Mwaka ulikwenda. Laurentine aliliendesha jarida kutoka mkekani, kwa kumnong'oneza binti yake, Syntiche, ambaye alimpelekea Guelord maneno. Matangazo yalipungua. Wachuuzi waliacha kupiga simu. Fundi mmoja wa Katuba alikwangua majalada ukutani kwake kwa kisu, akapaka chokaa. Laurentine aliyasikia yote, akayameza. Kitu kimoja kilikuwa kinamweka hai: Syntiche alikuwa ameposwa, na ndoa ilikuwa imepangwa mwezi wa nane, baada ya mama yake kutolewa nyeusi. Mjane aliye bado ndani ya nyeusi haingii harusini. Hagusi nguo ya bibi harusi, hamshiki mkono, hakai naye chumba kimoja siku zile, asije akampaka ujane. Na wa kumtoa nyeusi ni ndugu za mume peke yao. Wao ndio huleta kikwembe kipya, wao ndio humvalisha. Yeye aliyeuvalisha mji hakuweza kujivalisha.

Walikuja Jumamosi moja ya baridi, mwezi wa sita, vumbi jekundu limetanda juu ya majani yote. Chola mbele, na kaka yake mdogo Clément, na wazee wawili wa ukoo. Chola alikuwa ameshika kikwembe kilichokunjwa.

Laurentine alikiona kabla ya kuona watu. Kijani, maua ya njano. Jicho la kazi halifi: aliona kwamba ni cha bei ya chini, rangi ya njano imeteleza nje ya mstari, kikifuliwa mara mbili kitachuja. Na katika maisha yake yote hajawahi kutamani kitambaa namna ile.

Walikaa. Walisali. Kisha Chola akafungua kile alichokifunga mwaka mzima, akalilaza jarida mkekani, mbele ya magoti ya Laurentine.

"Bibi yetu," alisema, "mbele ya kukutosha hii nguo, kukuvua kabisa, tunauliza, njo desturi. Mi nitakutegea kimoja, weye mwenye unapenda kutega. Ni nani anashona nguo ya kilio, na mwenye kufwa angali anakula bukari?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni kazi, yaya Chola," alisema Laurentine, kwa neno la heshima kwa ndugu mkubwa. "Gazeti linatangulia. Kila mara linatangulia."

"Kushona, ni kazi. Tulisikia. Lakini hii mikono," Chola akaweka kidole kwenye jalada, "hii mikono ni ya nani?"

Picha ilikuwa na giza. Wachapaji wa Zambia waliizidishia wino. Mikono ilikuwa mikono ya mwanamke, basi. Hakuna pete. Laurentine alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka, Guelord aliyekuwa amesimama karibu na mlango akasema:

"Ni ya Kiki. Mi njo nilipiga ile foto. Ni Kiki alivala."

Alisema bila kumeza mate. Alikuwa kijana mwaminifu, jamani, na uaminifu wake ulikwenda pale pasipostahili.

Chola alimgeukia. "Kiki gani?"

"Bibi ya Dan, mwenye malori."

"Clément, enda umulete."

Gari lilikwenda. Laurentine alikaa na kichwa chini. Angeweza kusema wakati ule, chai ikiwa bado haijaletwa. Hakusema. Alijiambia kwamba Kiki atakuwa hayupo. Alijiambia kwamba watamwuliza tu, atakataa, mambo yataishia hapo, neno la mmoja juu ya neno la mwingine. Alikuwa anaangalia kile kikwembe cha kijani magotini mwa Chola na alijiambia mambo mengi.

Kiki alikuja. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba ndani ya ndala. Na hakuja peke yake. Mama mkwe wake alikuwa amekuja naye, mwanamke mrefu wa kanga iliyokazwa kiunoni, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kukaribishwa kiti.

"Mutoto," Chola alimwambia Kiki, "weka mikono hapa."

"Juu ya nini, Maman?"

"Weka tu."

Kiki aliona jalada. Akaelewa. Alirudisha mikono nyuma, mpaka kwenye makalio, kama mtu aliyeonyeshwa moto.

"Haiko mikono yangu. Mi nilikataa kuvala ile nguo. Guelord, si ulikuwa pale? Sema."

Guelord alitazama ukuta. "Ni weye, Kiki. Usikatae."

Mama mkwe alisimama.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo. Muko munasema huyu alivala nguo ya mujane, na mutoto wangu eko muzima?" Hakuwa anapaza sauti. "Dan ameenda Mokambo jana. Mu mwezi wa tano gari ilimupindukia, akatoka kwa dirisha. Nikasema ni Mungu. Sasa mutanielezea."

"Mama, sikuvala."

"Na hii tumbo unaniletea mu nyumba, na ile nguo ulivala mu mwili gani?"

Kiki hakulia. Aligeuka akamtazama Laurentine, akangoja, mikono ingali mgongoni. Wala hakumwomba. Na kwa Laurentine ingekuwa afadhali kama angeomba.

Kunyamaza tu ndiko kulikokuwa kunatakiwa. Chola alikuwa ameshaanza kukunjua kile kikwembe. Alitaka kuamini, yule mama, alikuwa amechoka kumchukia mke wa ndugu yake. Laurentine aliuona upindo wa kijani unafunguka. Aliona mwezi wa nane. Alimwona Syntiche amesimama uani, anachungulia kupitia wavu wa dirisha, kiganja kifuani.

"Njo mi," alisema Laurentine.

Kikwembe kilisimama katikati ya kukunjuliwa.

"Kiki alikataa. Nilimucheka, nikavala mi mwenyewe. Nilitosha pete, nikavala, nikakaa ku mukeka. Mikono ni yangu. Guelord anadanganya, anataka kuniokoa."

"Mu mwezi gani?" aliuliza Clément.

"Wa pili."

"Na yaya Constantin alikufwa wa ine."

"Wa ine, ndiyo. Sikumuua, Clément. Alikuwa bwana yangu." Na hapo, kwa kutafuta lolote la kushika, alitoa lile alilokuwa amelificha mwaka mzima kama kitu cha thamani. "Yeye mwenyewe aliona ile foto. Nilimuonesha. Alisema nimependeza. Alisema siku atakufwa nisivale mubaya kupita ile."

Kisha sura ya Chola ikabadilika, polepole, na kilichokuja si hasira. Ilikuwa kitu kibaya zaidi ya hasira.

"Basi alijua," alisema Chola. "Ndugu yangu alijua. Aliona nguo ya kufwa kwake mu mikono yako, na akakuambia kwa heri, na weye ulisikia ni michezo."

Maneno yale aliyoyalalia Laurentine kila siku, yaliyokuwa mto wake, alikuwa anayasikia sasa kwa masikio ya Chola, na kwa masikio yale yalikuwa yanasema hivyo hivyo.

Chola alikunja kikwembe. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka chini ya kwapa.

"Hatukupeleki ku tribinali. Hatukupigi. Mikono ilijivalisha, acha ijivue kama inaweza. Syntiche ni mutoto wetu; atatoka kwangu kwenda kuolewa."

Walitoka. Wazee hawakuaga. Mama mkwe alimshika Kiki mkono akampitisha mbali na mkeka, akiwa amemfunika tumbo kwa kanga yake mwenyewe, na Kiki hakugeuka nyuma.

Guelord alibaki.

"Maman, ilikuwa inapita. Walikuwa wameshaamini."

"Ilikuwa inapita juu ya nani, Guelord?"

Guelord alikwenda chumba cha nyuma, akafunga mashine zake ndani ya mfuko, na baada ya mwezi akawa anapiga picha za pasipoti karibu na posta. Toleo la mwezi wa saba halikutoka. La mwezi wa nane halikuulizwa na mtu.

Siku mbili kabla ya harusi, Syntiche alikuja Makomeno. Tantine Chola, shangazi yake, hakumtuma, hakumkataza. Alikuja na fundi mmoja mzee na gauni ndani ya mfuko wa nailoni. Alilivaa katika nyumba ya jirani, akaingia uani akiwa amelinyanyua lisiguse vumbi. Laurentine alitokea mlangoni, ndani ya nyeusi yake iliyoanza kupauka na kuwa kahawia, akasimama nyuma ya kizingiti.

"Geuka," alisema.

Syntiche aligeuka.

"Pole pole. Fundi, kiuno kinaanguka. Panda kidole moja. Haiko pale, baba, kushoto. Kushoto kwake."

Fundi alichomeka pini. Akakosea. Akaichomoa, akachomeka tena, macho yake yakiwa mazee, na upindo wa mgongoni ukajikunja kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Mikono ya Laurentine ilitoka yenyewe mbele, vidole viwili vimeshaunda umbo la kubana kitambaa. Akaiona. Akairudisha.

"Bado. Vuta ile ya juu, achilia ya chini."

"Hii, Maman?"

"Ingine."

Walikwenda hivyo muda mrefu, mama anasema, fundi anakosea, jua la baridi linahama ukutani. Mwishowe Syntiche akamwambia fundi angoje. Akaachia gauni, likaburuta vumbini, akatembea mpaka mbele ya kizingiti. Akampa mama yake mgongo, upindo ule uliopotoka ukiwa karibu kabisa na mkono.

"Shika weye," alisema bila kugeuka. "Mi siogopi bile bintu, ile miiko. Weye mwenyewe uliniambia ni kitambaa tu. Maman, shika, tumalize."

Laurentine aliangalia shingo ya mtoto wake. Kulikuwa na nywele ndogo pale ambazo msusi alizisahau. Alifikiria yule kijana atakayemwoa, mwenye meno yaliyoachana, anayecheka kwa urahisi, aliyekuwa amemletea maembe alipokuwa mkekani. Alijaribu kusema moyoni kile alichokuwa amewaambia akina Chola, kwamba hakumwua mtu, na alikisema, na alikiamini, karibu chote.

Akarudi nyuma hatua moja, ndani, mpaka mwanga wa mlangoni ukaacha kumfikia.

"Fundi," aliita kutoka gizani, "njoo. Ile pini ya katikati. Itoshe inje, tuanze upya."